Fyuzi Tatu za Dirma

Mwezi uliopita nilistaafu udereva, na wiki iliyofuata mmoja wenu, ninyi madereva vijana, akanipigia simu. Simtaji, anajijua. Alikuwa amekwama karibu na Dongobesh, honi hailii, taa za breki haziwaki, naye alikuwa amekwisha kumpigia fundi wa Katesh, fundi akasema atafika kesho kutwa. Nikamuuliza kama ameangalia fyuzi. Akaniuliza fyuzi zinakaa upande gani. Kijana huyu ana leseni yenye madaraja mengi kuliko ngazi za ofisi yetu. Nilimwelekeza kwa simu, akafungua kifuniko, akakuta fyuzi moja imekatika, akaweka nyingine, akaondoka. Mke wangu aliponiona nimekasirika bila sababu ya nyumbani, akaniambia niandike.

Basi naandika. Sitaandika vyeo, maana dereva ana cheo kimoja tu, na mshahara nauacha kwa sababu hata wakati ule haukuwa habari ndefu. Nitaandika mwaka wangu wa kwanza. Miaka iliyofuata ilikuwa mingi, lakini sehemu kubwa ilikuwa marudio.

Nilianza kazi katika shirika dogo la kanisa lililokuwa na zahanati zake huku Mbulu na kule Hanang, gereji ikiwa Dongobesh. Nilikuwa mtoto wa wakulima wa vitunguu saumu, nina leseni mpya na shati alilonipigia pasi mama. Mkuu wa madereva alikuwa Mzee Bura, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa mvua na jua. Siku ya kwanza nilimkuta ameingiza kichwa kwenye injini ya hadtopu nyeupe, gari la shirika la kuingia porini. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akasema: "Nenda kwenye boksi la fyuzi, angalia kama kuna moto."

Kwetu moto ulikuwa ule wa kuni. Nilikimbia nyuma ya gereji, nikarudi na ndoo ya mchanga, na kwa kuwa sikujua boksi la fyuzi ni lipi, niliumwaga mchanga kila mahali palipofanana na boksi. Mzee Bura alikuja taratibu, akatazama kiti, akatazama dashibodi, akanitazama mimi. Ndipo nilipofahamishwa kwamba kwa mafundi moto ni umeme. Betri iliyoisha haina moto, waya uliokatika haupitishi moto, na fyuzi nzima ni ile ambayo moto unaingia huku na kutokea kule. Siku yangu ya kwanza kazini, basi, niliizima hadtopu ambayo haikuwa inaungua. Jina la Zimamoto lilianza kabla ya chai ya saa nne, na mchanga tuliendelea kuuokota hadi Pasaka.

Siku ya pili nilifundishwa kuamkia gari. Haya ni maneno ya Mzee Bura na sijayasikia kwingine. Alisema mkubwa huamkiwa asubuhi kabla hajakuuliza ulilala wapi, na hadtopu ile ilikuwa kubwa kwa leseni yangu kwa miaka mingi, kwa hiyo ilistahili shikamoo. Shikamoo ya gari ni kuinama mara tano. Unainama kwenye rejeta kutazama maji, injini ikiwa baridi, maana anayefungua rejeta ya moto hufungua mara moja tu. Unainama kwenye kijiti cha oili: kichomoe, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo usome. Wapo wanaosoma mara ya kwanza, hao wanasoma habari za jana. Unainama kwenye kikopo cha mafuta ya breki, kisha kwenye betri na mkanda wa feni, na mwisho unaizunguka gari nzima ukitazama matairi na ardhi iliyo chini yake, kwa sababu kilichovuja usiku hakiwezi kujificha asubuhi.

Mimi nilikuwa mtiifu kupita kiasi. Siku ya tatu nilifika mapema, nikafungua boneti, nikainama mbele ya rejeta na kusema kwa sauti, "Shikamoo." Kutoka chini ya gari ikaja sauti nzito: "Marahaba." Nilijigonga kichwa kwenye boneti. Mzee Bura alikuwa amelala chini anakaza nati. Hakucheka, hakutoka, aliniomba tu spana namba kumi na nne, na mimi nikampa kumi na mbili.

Vifaa vyake vilienea kwenye kopo la maziwa ya unga. Bisibisi mbili, plaizi, spana sita, kipande cha msasa, mswaki uliokwisha kazi ya kinywani, na kitu alichokithamini kuliko vyote: balbu ndogo ya indiketa aliyoiunganishia nyaya mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa taa yake ya kupimia. Waya mmoja unaufunga kwenye chuma cha bodi, mwingine unagusisha pale unapotaka kujua kama moto umefika. Balbu ikiwaka, umefika. Isipowaka, rudi nyuma hatua moja upime tena. Leo mna mashine inayochomekwa chini ya usukani na kusema ugonjwa kwa Kiingereza, nami siipingi, ila nimeona mashine hiyo imesimama gereji siku mbili kwa sababu fyuzi yake yenyewe ilikuwa imekatika.

Betri alizitunza kwa magadi. Ncha zikiota ule unga wa kijani na mweupe, fungua waya wa hasi kwanza, koroga magadi kwenye maji ya moto, yaleyale ya kulainishia maharage, mwagia polepole, sugua kwa mswaki, suuza, kausha, kisha funga na upake grisi juu, waya wa hasi ukiwa wa mwisho. Kwa sababu hiyo maharage ya gereji yetu yalichelewa kuiva mwaka mzima, lakini magari yaliwaka asubuhi hata kwenye baridi ya Juni.

Na fyuzi. Zima gari, toa ufunguo. Kifuniko cha boksi kina picha ndani, isome, haikuwekwa kama urembo. Ichomoe ile inayohusika kwa koleo dogo la plastiki, siyo kwa meno, na wewe uliyenipigia simu unajua kwa nini nasema hivyo. Inyanyue kwenye mwanga utazame uzi uliomo ndani. Ukiwa mzima, tafuta ugonjwa kwingine. Ukiwa umekatika au umeacha moshi mweusi, weka nyingine ya namba ileile na rangi ileile: nyekundu ampea kumi, ya bluu kumi na tano, ya njano ishirini, ya kijani thelathini. Usiweke kubwa kwa kudhani kubwa ni bora. Fyuzi kazi yake ni kufa mapema ili waya usife, na ukiweka fyuzi ya kijani mahali pa bluu umeuambia waya ufe kwanza. Juu ya hapo Mzee Bura alikuwa na maneno yake matatu: fyuzi ya kwanza imekufa, ya pili imekuambia neno, ya tatu umeiua wewe.

Alikuwa na kanuni nyingine, fupi kuliko hiyo. Gari la shirika halilipiwi nauli. Dereva aliyenitangulia alikuwa amepokea kuku kwa kumfikisha mtu Haydom, na kuku huyo aliacha kinyesi kwenye kiti cha mbele, ikawa ushahidi. Alifukuzwa siku hiyohiyo, kuku akiwa chini ya kwapa. Mimi nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, na mwisho wake Mzee Bura ndiye angeandika barua ya kunibakiza au ya kuniondoa. Barua hiyo ilikuwa inasubiriwa na watu wengi. Baba yake Marta, msichana niliyekuwa nimemchumbia, alisema binti yake haolewi na mtu wa majaribio, anaolewa na mtu wa barua. Kwa hiyo nilikuwa nalala na kuamka na ile barua, na nilikuwa nimebakiza wiki mbili.

Ndipo ilipokuja safari ya matangazo. Shirika lilikuwa linaanza chanjo ya watoto upande wa Dirma, Hanang, na watu wa kule ni wafugaji, hawakai mahali pamoja ila siku ya mnada wa ng'ombe. Ukitangaza mnadani, habari inafika hadi maboma ya mbali kabla ya jua kuzama. Usipotangaza siku hiyo, umengoja mwezi. Tulifunga spika mbili juu ya hadtopu, amplifaya ikapata moto wake kwenye lile tundu la dashibodi lenye kifuniko, tundu ambalo leo mnachajia simu. Mtangazaji alikuwa Nesi Zaituni, mtu wa Tanga aliyeletwa kufanya kazi huku, Kiswahili chake kizuri mpaka watu walikuwa wanasimama kusikiliza hata kama hawana watoto. Aliogopa vitu viwili, baridi na ng'ombe, akapangiwa Hanang.

Asubuhi tulitangaza Gitting, kwenye viazi na ngano, spika zikalia vizuri. Tukamaliza, nikachomoa amplifaya kama nilivyofundishwa, maana kifaa kisichotumika hakina haki ya kula betri. Nesi Zaituni alikuwa amechafukwa na tumbo kwa kona za mlimani, akaomba kujilaza nyuma juu ya maboksi ya kadi. Akalala. Nikiwa nataka kuwasha gari, akaja bibi mmoja na nusu gunia la viazi mgongoni. Baadaye nilijua anaitwa Bibi Veronika. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama naelekea njiapanda ya kushukia Dirma, kwa binti yake aliyejifungua.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, kama ni kosa. Ningeweza kumwambia gari la shirika halipakii. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwamkia, na mtu uliyemwamkia huwezi kumwachia vumbi. Nikampandisha kiti cha mbele, viazi miguuni. Njia nzima aliniuliza habari za ukoo wangu, nani kamwoa nani, hadi tukapata shemeji mmoja wa mbali, akatulia. Tulipofika njiapanda akafungua fundo la khanga, akanitolea sarafu ya hamsini. Nikakataa. Akanisogezea tena. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mimi sipokei, gari hili dereva wake haruhusiwi kupokea. Akanitazama vizuri, akasema, "Haya mwanangu, wewe usipokee." Nikashuka kumteremshia viazi upande wake, gari likinguruma. Nilipomfungulia mlango alikuwa anarekebisha khanga, uso umeridhika, na akanishukuru kwa kunibariki mimi na uzao wangu ambao ulikuwa bado unangoja barua.

Dirma mnada ulikuwa umejaa. Nikaegesha mahali pa wazi, Nesi Zaituni akaamka, akajifunga mtandio vizuri, akashika maiki akiwa amejifungia ndani ya gari kwa sababu ya ng'ombe. Nikachomeka amplifaya. Kimya. Nikafungua boksi, fyuzi ya tundu, ile ya bluu, imekufa. Nikaweka nyingine, nikageuza ufunguo, ikafa nikiwa naitazama. Hapo fyuzi ya pili ilikuwa imeniambia neno, na neno lenyewe lilikuwa: tafuta. Nikachomoa amplifaya kabisa, nikafuata waya wake wote kwa vidole. Mzima. Nikasema basi nilikuwa na bahati mbaya, nikaweka ya tatu, tundu likiwa halina kitu, kwa macho yangu. Nikageuza ufunguo na ya tatu nikaiua mimi.

Wanaume walikuwa wamekwisha kuzunguka gari, na gari lililoharibika halikosi washauri. Mmoja akaniambia nipige honi kwanza. Mwingine, mzee wa heshima mwenye fimbo, akanipa msumari, akaniambia niuweke pale penye fyuzi kwa sababu msumari hauungui. Na ni kweli hauungui, kinachoungua ni gari. Kwenye kikopo changu cha fyuzi za akiba ilibaki moja ya kijani. Niliishika. Nitawaambia ukweli, niliishika muda mrefu, kwa sababu Nesi Zaituni alikuwa ananitazama na saa za mnada zilikuwa zinakwenda, na nilikuwa naiona barua yangu ikiandikwa upande mbaya. Kisha nikairudisha kwenye kikopo, nikamwambia Nesi kwamba spika zimekufa.

Yeye hakulaumu. Alifungua kioo inchi mbili, akajaribu kutangaza kwa sauti yake mwenyewe, ikamezwa na ng'ombe. Nikaenda kwa dalali wa mnada, mtu mwenye koo la chuma, nikamsihi atusaidie. Alikubali kwa sharti moja, kwamba hatasimamisha biashara yake. Basi akawa anatangaza kwa pumzi moja: "Dume hili jekundu, meno sita, nani anaongeza? Watoto wote wa chini ya miaka mitano, Alhamisi, hapahapa, chanjo bure. Mtamba huyu mweusi, nani anaongeza? Mama zao waje nao." Alitangaza hivyo hadi jua likawa upande, bila kutuonyesha mahali ambapo ng'ombe wanaishia na watoto wanaanza.

Kesho yake, gereji Dongobesh, nilimweleza Mzee Bura yote niliyoyajua. Sikutaja bibi, kwa sababu sikuona bibi anaingiaje kwenye habari ya umeme. Aliniuliza swali moja: fyuzi ya tatu ilikufa amplifaya ikiwa imechomolewa? Nikasema ndiyo. Akasema basi aliyeumwa si amplifaya, aliyeumwa ni tundu. Akafungua waya wa hasi wa betri, akainama mbele ya lile tundu, akaingiza plaizi yenye mdomo mwembamba, akahangaika kidogo, akachomoa sarafu ya hamsini. Ilikuwa na alama nyeusi pembeni, pale ilipokuwa inagusa katikati na ukuta wa tundu kwa pamoja, na kuunganisha moto na bodi hadi fyuzi zikafa.

Nilielewa papo hapo. Uso ule wa bibi ulioridhika nikauona. Mzee Bura aliigeuza sarafu upande huu na upande ule. "Zimamoto," akasema, "hii imeingiaje?"

Nesi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa na akili nyepesi na moyo mwema, na kwa kuwa alijua habari ya kuku kama watu wote walivyoijua, akasema haraka kwamba huenda imemdondoka yeye alipokuwa anatafuta chenji. Mzee Bura hakumtazama. Aliendelea kunitazama mimi. Uongo ulikuwa umeshaandaliwa, umewekwa mezani, kilichobaki kwangu ni kula. Nilimfikiria Marta, nikamfikiria baba yake. Kisha nikasema kwamba haikumdondoka Nesi. Nikasema nilipakia abiria Gitting, bibi, na kwamba alinitolea nauli nikaikataa, na naona ameilipa mwenyewe kwenye gari.

Mzee Bura akaitia sarafu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alisema, "Alhamisi tunakwenda wote," akarudi kwenye kazi yake. Siku mbili zile sikula vizuri. Mama alinipikia makande, nikayatazama. Nilihesabu kichwani matuta ya vitunguu saumu ambayo ningeyapalilia maisha yangu yote, na niliogopa sana, siwafichi.

Alhamisi tulifika Dirma mapema, nikiendesha mimi, Mzee Bura pembeni, Nesi nyuma. Watu walikuwa wengi kuliko chanjo yoyote iliyowahi kufanyika upande ule. Kina mama walijaa na watoto wao, na nyuma yao wakaja wanaume wanne na ndama. Nesi Zaituni akarudi ndani ya gari. Mzee Bura alitumwa kuwaeleza kwamba chanjo ni ya watoto wa watu. Mmoja wao alijibu kwa utulivu kwamba ndama wake ana mwaka mmoja, na kwa hesabu yake huyo yuko chini ya miaka mitano, na mama yake amekuja naye kama ilivyotangazwa. Ng'ombe alikuwa kweli amesimama pale. Mzee Bura akaahidi kupeleka habari kwa bwana mifugo, na akaipeleka.

Kazi ilipoisha alasiri hakuniambia twende nyumbani. Aliniambia nisimame njiapanda. Bibi Veronika alikuwa bado kwa binti yake, amekaa uani anachambua viazi vya mbegu. Nilimwamkia, na Mzee Bura naye akavua ile kofia ya sufu, ambayo sikuwa nimewahi kuona chini yake kuna nini, akamwamkia. Bibi alituitikia wote wawili kwa sauti moja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kumbe Mzee Bura naye ni mtoto wa watu.

Akamuuliza kama huyu dereva alipokea nauli yake. Bibi akasema hapana, alikataa, alisema yeye haruhusiwi kupokea. "Nikajua basi anayepokea ni gari lenyewe. Nikaona pale mbele pana tundu zuri lenye kifuniko. Kanisani kwetu pia ni hivyo, padre hashiki mkononi."

Mzee Bura akamweleza taratibu kwamba lile tundu, bibi, si la nauli.

"La nini?"

Nilimwona mtu ambaye hakuogopa injini yoyote akitafuta maneno. Akasema, "La kuwashia sigara."

"Gari la kanisa?" aliuliza Bibi Veronika.

Nesi Zaituni aliyekuwa nyuma ya gari alianza kukohoa, na hakikuwa kikohozi. Mzee Bura alitoa sarafu mfukoni, akamnyooshea bibi, akasema shirika linamrudishia kwa shukrani, maana watu hubebwa bure. Bibi hakuipokea. Alifuta mikono yake kwenye khanga, akasimama, akaushika ule mkono wa Mzee Bura kwa mikono yake miwili na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya sarafu.

"Mizigo ndiyo inabebwa," alisema. "Mimi nilisafiri."

Mtu aliyekuzidi umri akikukunjia kitu kiganjani huku kwetu hakuna namna ya kukikunjua. Mzee Bura aliinama, akasema asante mama, akapewa na viazi.

Tulipanda milima kurudi Dongobesh. Mimi nilishika usukani kwa mikono yote miwili nikingoja hukumu. Tulipopita Gitting akaniuliza kwa nini sikuuchukua ule uongo wa Nesi, nao ulikuwa uongo mzuri. Nilimjibu kwamba kama ningeuchukua, tundu lingebaki wazi, na wabibi wa Hanang bado ni wengi. Nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyofikiri, sikuwa najitetea. Akatikisa kichwa polepole. Akasema dereva anayeficha sababu ya fyuzi, kesho ataficha sababu ya breki, na siku hiyo hakuna kitu cha kubadilisha.

Kisha akafungua kiganja, akaitazama ile hamsini, akaitazama barabara.

"Zimamoto."

"Naam, mzee."

"Nimepokea nauli. Nesi ameona, na viazi viko nyuma. Kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, natakiwa nikabidhi funguo za gari leo hii."

Nilifikiri kidogo, maana sikujua kama inaruhusiwa kumjibu. "Mzee, funguo ninazo mimi."

Alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, alicheka vibaya, kwa kukwama, kama injini iliyolala wiki nzima.

"Basi kaa nazo," akasema.

Nilikaa nazo hadi mwezi uliopita.